Nilivyokuwa Kisiwa Kizima

Bwiza ya utoto wangu, mtaa wa Bujumbura, ilinukia ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese, na harufu hiyo ilining'ang'ania sketi hadi darasani. Tulikuwa tumehamia kutoka Uvira, upande wa Kongo, mwaka ule. Mama alivuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza vitenge, nami nilibaki katika shule ambayo wenzangu walitaniana kwa Kirundi nisichokijua. Mgeni ni kuku mweupe. Hata nikinyamaza nilionekana. Dawati langu lilikuwa la watu wawili, lakini nilikaa peke yangu.

Msimu ule wa mvua, mwalimu wetu wa historia aliamua tuigize mapinduzi mawili yaliyoshikana: ya Wafaransa waliomwangusha mfalme wao, na ya watumwa wa koloni lao la Haiti, ng'ambo ya bahari, waliosikia habari za uhuru wakauliza mbona wao haujawafikia. Alichora mstari wa chaki uani, ukawa bahari. Upande wa Paris ulijaa mara moja. Utumwa haukupata mtu. "Huyu mutoto wa Kongo anafaa," alisema Eriki, mpiga ngoma wetu hodari, na darasa zima likacheka. Basi nikawa kisiwa kizima, mikono imefungwa kamba ya katani. Sikulia, maana mchezo ulikuwa na mwisho nilioupenda: mfalme akishaanguka, Eriki, aliyekuwa wa upande wa Paris, angevuka bahari anifungue mbele ya wazazi wote. Niliamini kwamba mtu akishakufungua kamba hadharani, kesho yake hawezi kukataa kukaa nawe.

Siku yenyewe mfalme alianguka vizuri sana. Aliye juu mngoje chini. Wavulana wakazivamia ngoma, zile zile ambazo hapa Burundi zilikuwa za mfalme, wakamshangilia nazo mfalme kuanguka, na wazee wakatazamana wakitabasamu. Ngoma hizo zikianza hazikatizwi. Kila mpigaji huingia katikati kwa zamu, akaruka na kuonyesha ufundi wake, na msichana hazigusi. Eriki aliruka, akashangiliwa, akaruka tena. Paris yote ikacheza. Nilimwita, sauti yangu ikamezwa. Nilisubiri mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikainama nikaifungua kamba kwa meno.

Wazazi walipiga makofi, wakidhani ndivyo tulivyofanya mazoezi. Mwalimu alinijia macho yamelowa. "Ndivyo ilikuwa kweli, mutoto wangu," aliniambia. "Apana mutu alikuja kuwafungua wale. Walijikomboa wenyewe." Eriki alipita na wenzake akasema tu, "Pole, mi nilisahau." Nilitamani kufurahi kama mwalimu, lakini nilihisi ukiwa ambao sikuwahi kuuhisi hata siku tulipohama kwetu. Kesho yake dawati lilikuwa lile lile.

Siku hizi naishi Musaga, mtaa mwingine wa Bujumbura, nina duka langu la vitambaa, na kila nisomapo habari za watu wa Haiti najivunia kana kwamba ni ndugu zangu. Ila vitabu vinasimulia walivyoshinda. Havisemi waliitazama bahari kwa muda gani. Mwezi uliopita malaria ilinilaza, nikajikokota hospitalini mwenyewe. Jirani yangu alinisifu, akasema mimi ni mwanamke wa kujitegemea, simsumbui mtu. Nilimshukuru. Hakujua kwamba kabla ya kutoka nilikaa kitandani asubuhi nzima, nikisikiliza kama kuna atakayebisha hodi.