Vikombe vya Nyumba Yetu

Nikipita mahali wanauza kamba za mkonge, ile harufu ya nyasi kavu hunirudisha mbio hadi Munyaka, kwa chumba chetu kimoja cha mbao, na boksi lililofungwa kamba chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na vikombe vya maua mekundu ambavyo hakuna mtu aliruhusiwa kugusa.

"Hivyo ni vya nyumba yetu," Mama alisema, na sisi tukaendelea kunywa chai kwa vikombe vya plastiki vilivyonuka sabuni.

Nyumba yetu ingejengwa upande wa Turbo, kwa shamba ambalo Baba na wenzake walinunua hisa, siku likigawanywa. Kila Baba alipopata habari mpya ya hilo shamba, tulihama kuikaribia hiyo habari. Tulikaa Cheptiret, tukaenda Turbo, tukarudi Eldoret, mtaa wa Munyaka. Baba alikuwa utingo wa lori, na kila akiondoka alituachia neno lilelile: "Msizoee hapa." Basi nikikaa sikai. Nikisikia tu gurudumu la mkokoteni nje, naanza kutafuta viatu.

Lakini Munyaka nilipapenda. Shuleni kulikuwa na maziwa ya Nyayo, yale ya bure, na kwa ploti kulikuwa na Mama Halima, mwenye nyumba, Msomali mwenye duka hapo mbele, ambaye kicheko chake kilifika kabla yake. Nikapanga mpango. Mgeni hapewi kikombe cha plastiki. Boksi likifunguliwa, tutahamaje?

"Mama Halima, Mama amesema kesho ukuje chai."

"Mama yako? Yule anayepima hata salamu kama sukari?" Akacheka. "Nitakuja, Wanjiru. Na nikipewa maji moto, utaniona!"

Alikuja kweli, na mandazi kwa sahani. Mama aliniangalia mara moja tu, nikajua tutaongea baadaye. Akaangalia vile vikombe vya plastiki, kisha akapiga magoti, akavuta boksi. Fundo lilikuwa limekauka, akalifungua kwa meno. Vumbi la mkonge likatupigisha chafya sisi wote.

"Kumbe una vitu vizuri hivi na unaficha!" Mama Halima akasema. "Unangojea nani?"

Mama alimimina chai.

Jioni Baba aliingia akakuta vikombe vimepangwa mezani.

"Nani amefungua?"

"Ni mimi, Baba Wanjiru," Mama akasema polepole. "Hilo boksi washa nalo jiko."

Baba alilirarua vipande vipande, akawasha. Chai yake aliinywa akiwa amesimama, kwa kikombe cha maua. Mimi nilikuwa narukaruka kitandani nikipiga makofi, maana sasa chumba ni chetu, hatuhami tena.

Ilibidi nikue ndiyo nione kwamba wale wawili walikuwa wanaliaga lile shamba la Turbo, na mimi ndiye nilikuwa nawapigia makofi.

Kamba pekee ndiyo haikuchomwa. Mama aliifunga pale nje, kutoka mlango wetu hadi kwa uzio, akaanika yunifomu yangu.