Kila Asubuhi Jumatano ya Majivu

Mama alipoanza kupoteza kumbukumbu nilimtoa Mlandege, Iringa, nikaja naye kwangu Iyunga, hapa Mbeya. Siku nyingine alisahau jina langu. Alisahau choo kiko wapi. Kwaresma hakuisahau. Tangu alipopakwa majivu, kila alipoamka, kwake ilikuwa Jumatano ileile, na siku hiyo mama yangu hali kitu mpaka jioni.

Ana kisukari. Dawa zake hazimezwi tumbo likiwa tupu.

"Mama, kunywa uji kidogo."

"Nimefunga, mwanangu. Kwani wewe hujafunga?"

Nilikuwa nimefunga. Tena nilikuwa nimemwahidi Mungu kwamba Kwaresma hii sitasema uongo, hata ule mdogo wa dukani kwangu.

Nilijikaza siku chache. Asubuhi moja nikamkuta mikono inatetemeka, jasho linamtoka na baridi yote ile. Nikamwambia, "Mama, leo ni Jumapili. Jumapili hatufungi."

Akanywa uji wote. Kisha akavaa kitenge chake kizuri, akajifunga kilemba, akakaa kwenye kochi na rozari mkononi, anasubiri nimpeleke misa. Ilikuwa Jumanne. Alisubiri mpaka mchana.

"Tumechelewa?" akauliza, kama mtoto aliyeachwa.



Nikamwomba paroko aje nyumbani. Akamshika mama mikono. "Mama, wagonjwa hawafungi. Kanisa limekuruhusu kula."

Mama akafanya ishara ya msalaba, akala ugali na maharage mbele ya paroko. Mimi nikaingia jikoni kulia kwa furaha.

Kesho yake nikampelekea uji.

"Nimefunga."

"Lakini padri jana alisema..."

"Padri gani?"

Nilipokwenda kuungama, nilimweleza paroko ule uongo wangu. "Sijui nikuambie nini," akasema. "Endelea kumlisha."

Nikaendelea. Siku nyingine alikubali kuwa ni Jumapili, siku nyingine alifumba mdomo, nami nikabaki na kijiko mkononi.

Pasaka nikapika pilau na kuku. Nikamwambia, safari hii kweli tupu, "Mama, Kristo amefufuka. Mfungo umekwisha."

Akanitazama kwa huruma, akasogeza sahani pembeni taratibu.

"Usinidanganye, mwanangu."

Niliketi naye mpaka jua lilipozama, ndipo akala.