Aliyeitambua Ngoma

Nikisifiwa, kwanza hupapasa mfuko nione kama sijaibiwa. Ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo mhakiki wa gazeti moja la Nairobi alipoandika kwamba utungo wangu wa okestra una mdundo wa ajabu niliojibunia mwenyewe, nilijua hakuna alichosikia. Sikubuni kitu. Ule ni mdundo wa kilumi, ngoma ya kina nyanya wa Kikamba ya kuomba mvua na kutuliza mapepo. Niliusikia utotoni Katangi, nikichungulia uani kwa nyanya yangu, nikaja kuutia kwenye ngoma kubwa za okestra, katikati ya fidla. Mhakiki mwingine alisema ni kelele tupu. Huyo angalau nilimwamini.

Kanisani kwetu Kithimani kilumi ilikuwa mwiko. Nami nilikuwa mwalimu wa kwaya pale, na kwaya ndiyo iliyokuwa maisha yangu. Okestra ilinihitaji mara moja tu. Kwaya ilinihitaji kila wiki. Lakini sikuogopa. Nani angeitambua ngoma ile ikiwa imevalishwa fidla?

Redio ilipoupiga utungo ule Jumapili moja mchana, nilikuwa mezani na mama. Mdundo ulipoanza tu, akazima redio, akasema anaenda kuangalia kuku. Kuku wenyewe walikuwa wamekufa kwa kideri mwezi uliotangulia.

Siku chache baadaye nikaitwa mbele ya kamati ya kanisa. Mara moja nikajua aliyenichongea. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na tangu siku ile ya redio alikuwa akinikwepa macho. Nilichemka kwa hasira.

"Hiyo kitu ilipigwa kwa redio ni kilumi," mzee mkuu akasema. "Huwezi kuongoza kwaya ya Mungu na hiyo mambo."

"Niko na swali, wazee. Ni nani ameitambua?"

Pale kila mtu alikuwa ameshuhudia mbele ya waumini kwamba amekulia katika wokovu, na kilumi huijua aliyeicheza. Mzee mkuu akatazama viatu vyake. Mimi nikamkazia mama macho, nikitaka aumbuke mbele ya watu wote.

Akasimama. "Ni mimi nilimfundisha akiwa mtoto. Makosa ni yangu. Mwacheni na kwaya yake."

Ulikuwa uongo. Mama hakuwahi kunifundisha hata kupiga makofi. Kule Katangi ndiye aliyekuwa akinivuta sikio kila aliponikuta nikichungulia.

Wakaniachia kwaya. Yeye wakamvua uenyekiti, wakamweka benchi la nyuma, wanakokaa walio chini ya nidhamu, bila kushiriki meza ya Bwana hadi mavuno. Aliyenichongea sikumjua, na hadi leo nikiwasalimia wazee wale huwachunguza nyuso.

Jumapili iliyofuata, katikati ya wimbo, niligeuka kuwaalika waumini waitikie. Mama alikuwa peke yake kule nyuma, akiimba kwa sauti kubwa, uso umetulia. Vidole vyake vilikuwa vikipiga kilumi juu ya jalada la Biblia, pigo kwa pigo. Nilimpenda mno. Nikawageukia wanakwaya upesi, kabla wazee hawajafuata macho yangu.