Mdogo Wangu Asiyesema

Mdogo wangu alitimia miaka minne bila kusema hata neno moja. Bibi alishaamua kwamba ana shetani, na Jumapili ilikuwa apelekwe Wingwi kwa mganga akapungwe. Mimi nilikuwa na shaka nyengine: kwamba mtoto yule anatuchezea shere. Nikawa namchunguza kama askari. Niligonga debe nyuma yake, hakugeuka. Nikafungua kifurushi cha halua kimya kimya, akaja mbio!

Jumamosi tulikuwa barazani tunachambua karafuu. Yeye alikuwa akipanga makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwa urefu, mstari mmoja mpaka mlangoni. Nikachomoa moja la katikati, nikalitia mfukoni. Akapiga ukelele, akaja moja kwa moja mfukoni mwangu, akalichukua, akalirudisha pale pale.

"Mmeona? Shetani huyo!" bibi akasema.

"Shetani gani, bibi, anayejua hesabu kunishinda mie niliye skuli?"

Mama hakucheka. Aliinama akautazama ule mstari wa makonyo.

"Haendi Wingwi, mama," akamwambia bibi. "Kwanza nataka nijue anaona nini."

Bibi akanikazia macho, kama kwamba shetani amehamia kwangu.