Mchanga Kwenye Humusi

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Nilikuwa nina mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa Singida mjini, kwenye nyumba ya wafanyabiashara, mimi binti wa wakulima wa Iramba. Mama mkwe wangu, Bi Salma, alikuwa fundi wa humusi, lile rojo zito la kuchovyea mkate. Alifundishwa na shangazi yake Tanga, akaja kuitengeneza kwa vitu vya huku kwetu: dengu, ufuta, limao, kitunguu saumu na mafuta ya alizeti. Majirani waliiita uji wa dengu, wakacheka, kisha wakaja na chapati zao kuchovya.

Wageni walikuwa wanatoka Shelui kuja kumposa wifi yangu, Zainabu. Mama mkwe alishikwa na pilau, akanikabidhi humusi.

"Dengu nimeshaloweka tangu jana. Zichemshe mpaka zibonyee, uzimenye maganda. Na ufuta uoshe kwanza, uuopoe juu ya maji, mchanga ubaki chini. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Nikaenda kusukwa nywele. Ndiyo, nywele! Nilitaka wageni wanione. Muda uliponibana nikamimina ufuta mkavu kwenye kikaango, nikausaga kwenye jiwe, nikauchanganya na dengu, juu nikamwagia mafuta, bakuli zima likang'aa. Kwa macho ilipendeza sana.

Mjomba wa kijana anayeposa, mzee mwenye heshima zake, alichovya, akatafuna. Sote tulisikia jino likigonga jiwe. Alishika shavu, akatoa kichangarawe, akakiweka pembeni ya sahani.

Ndipo nikafungua mdomo wangu huu.

"Mtusamehe, wazee wangu. Ni ufuta wa yule mama wa Issuna. Watu wa shamba hawana usafi."

Na huyo mama wa Issuna, Mama Monika, aliyetuletea ufuta asubuhi ile, alikuwa uani anakunywa chai, dirisha liko wazi. Aliweka kikombe chini, akajifunga kanga, akaondoka bila kuaga. Wageni nao walikula pilau wakaondoka bila kutaja siku ya harusi. Zainabu alilia mpaka macho yakavimba.

Mama mkwe aliniita jikoni. Akapitisha kidole kwenye beseni la kuoshea ufuta. Kavu.

"Ufuta wote hupurwa chini," akasema. "Hata wa mama yako aliyekuzaa una mchanga. Ndiyo maana nikakwambia uoshe! Umemtukana mwanamke aliyeinama shambani msimu mzima, kwa sababu ya nywele? Kesho utakwenda Issuna."

Nilikwenda. Mama Monika alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini kunitukana ulinitukana mbele za watu. Radhi unakuja kuniomba huku uani, tukiwa wawili?"

Nilirudi, nikamweleza mama mkwe, na wiki hiyo hiyo tukaenda Shelui watatu: mimi, yeye na Mama Monika. Safari hii ufuta niliuosha mara tatu, dengu nikazimenya moja moja mpaka vidole vikakunjamana. Nikapiga magoti mbele ya wazee wale nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Sikuosha ufuta. Mama huyu hana kosa lolote."

Yule mzee alinitazama. "Jino halikuniuma kama nilivyoumia ulipomsema mtu asiyekuwepo kujitetea," akasema. "Haya, leteni bakuli."

Akamsogezea Mama Monika kwanza. Mama Monika akachovya, akafumba macho kidogo. "Kumbe ndicho mnachofanya na ufuta wangu?" Mama mkwe akainamisha uso. Miaka yote ile mama wa watu alituletea ufuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwonjesha. Siku ya harusi ilitajwa palepale, lakini aibu ile tuliibeba mpaka nyumbani.

Sasa nikiwaona ninyi leo nachemka. Mna mashine inayosaga kwa dakika mbili, bado mnaona uvivu kumenya dengu. Humusi ikiharibika, mnampiga picha muuzaji sokoni, mnamtangaza kwenye simu, mkoa mzima umcheke! Nani kawapa ruhusa hiyo?

Mwanangu, osha ufuta wako. Menya dengu zako. Ukikosea, sema nimekosea, na useme mbele ya wale wale waliokusikia ukimsingizia mwenzio. Na kabla hujawakaribisha wageni wako, mwonjeshe aliyelima.

Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo wenye haya, na nyumba yako isikose dengu za kuloweka wala watu wa kula nao.