Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mwenyekiti wa klabu ya mazingira, nilipotoa wazo la kupanda miti kwenye korongo lililo nyuma ya mabweni. Chuo chetu kiko kwenye mteremko wa Mlima Meru. Korongo lile halikuwa na miti, limejaa mifuko na chupa tulizozitupa sisi wenyewe. Miche ya mikaratusi tulipewa bure. Tukavaa fulana za kijani, mkuu wa chuo akaja na mpiga picha, na kabla ya chakula cha mchana tukawa tumemaliza.

Mama aliyefanya usafi bwenini kwetu alisimama pembeni na ndoo yake. Alikuwa Mmeru, na nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya uzio wa chuo.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnapanda hii hapa? Huko chini ndiko kuna chemchemi yetu. Mkaratusi unakunywa maji sana."

Nilimjibu kwa adabu kwamba wataalamu wameshakubali. Haikuwa kweli, sikuwa nimemuuliza mtaalamu yeyote. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, "Mama anaogopa miti!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Mama akageuka, akaenda kudeki.

Picha za siku ile ziliwekwa kwenye kalenda ya chuo. Nilizitaja hata kwenye barua zangu za kuomba kazi. Miaka sita baadaye nilirudi palepale kama mhadhiri msaidizi, nikapanga chumba mtaa wa Kimandolu. Siku ya kwanza nilisimama kutazama miti yetu ikiwa imepita mapaa ya mabweni, nikajiona mtu wa maana.

Mama bado alikuwa akifanya usafi. Nilipomuuliza habari za nyumbani, akasema, "Ukipata nafasi, njoo uone."

Jumamosi nilikwenda. Chemchemi niliyowahi kuiona ikibubujika ilikuwa tope, na juu yake nyayo za ng'ombe. Binti yake alikuwa akifuata maji ng'ambo ya barabara kuu, kwenda na kurudi karibu saa nzima. Mama hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

"Ulinikataza," nilimwambia.

"Nilikuambia tu," akajibu. "Kukukataza ningeweza wapi?"

Niliandika barua kwa uongozi wa chuo, nikiomba miti ikatwe. Kwenye kikao, mkubwa mmoja wa chuo akasema chemchemi imekaushwa na ukame, kwamba vijito vingi vimepungua mlimani. Inawezekana alisema kweli; hata leo siwezi kuapa kwamba ni miti peke yake. Lakini alipoongeza, "Na wageni tutawaonyesha nini?" nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba niliipanda mimi, bila kumuuliza mtu, na aliyenionya nilimcheka. Baada ya miezi kadhaa tuliruhusiwa kukata safu mbili zilizo karibu na maji, tupande miringaringa na mikuyu, miti ya asili inayotunza maji, badala yake. Safari hii wanakijiji ndio waliotuonyesha pa kuchimba.

Siku ya kukata, vijana wa klabu walikuja na fulana zao za kijani. Msichana wa mwaka wa kwanza alikuwa analia.

"Mwalimu, sasa tunafundishwa kupanda au kukata?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikaishia kumwambia, "Kuuliza kwanza," na niliona halikumtosha.

Mvua za masika zilipopita, maji yalirudi kidogo, ndoo mbili tatu asubuhi. Binti wa mama bado anavuka barabara. Visiki havijafa, kila baada ya wiki chache vinachipua, nasi tunashuka korongoni na mapanga. Mama akitukuta huko hutusalimu vizuri, lakini hajawahi kusema kwamba amenisamehe, na mimi sijathubutu kumuuliza.