Siku Ng'ombe wa Mahari Walipofika na Moyo Wangu Uko Kimya

Siku ng'ombe wangu wa mahari walipofika, niliamka moyo uko kimya.

Furaha sina. Huzuni sina. Hata woga sina. Redio iliyokwisha betri.

Nikaanza kujipekua. Nikawaza harusi, nikawaza watoto, nikamwaza Modiri mwenyewe, mwanamume niliyemng'ang'ania mbele ya ukoo mzima mpaka wakakubali.

Wapi!

Nikajiambia, Keneilwe, umekwisha. Huyu mtu humpendi, na ng'ombe wake ndio hao wanalia getini.

Kwetu Kanye, huku Botswana, ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini, maneno yamekwisha. Kama una lako, liseme wakiwa bado nje.

Nyumbani kulishachangamka. Wanaume wanaponda nyama kwenye vyungu vya chuma, wanawake wamejifunga shali, na juu ya kelele zote, vigelegele vya shangazi Boikhutso. Yule mama akipiga kimoja, mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia.

Mimi niko mkekani, miguu nimenyoosha, macho chini. Wake za watu wamenizunguka wananifunda.

"Mwoneni alivyotulia!" akasema mmoja. "Si hawa wa siku hizi, mahari inaletwa anachekacheka."

Eti nimetulia! Mwenzao nimepotelewa.

Nikamvuta shangazi shali, akainama.

"Shangazi, sina raha yoyote. Waambie wajomba wasifungue zizi."

Kigelegele kikamfia mdomoni.

"Una mwanamume mwingine?"

"Hapana."

"Amekupiga?"

"Hata siku moja."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sasa una nini, mwanangu?"

"Sina kitu. Ndiyo shida yenyewe!"

Akacheka mpaka shali ikamdondoka.

"Kwani mimi unaniona nina furaha?"

"Si unapiga vigelegele tangu alfajiri?"

"Napiga kwa mdomo. Akili iko kwa mbuzi wangu, sikumbuki kama nilifunga geti. Nakupenda, ndiyo maana nimekuja. Furaha ikija, itanikuta hapa hapa."

Maneno matamu, lakini anayeolewa ni mimi, si yeye. Nikachomoa simu chini ya shali, nikampigia Modiri, ambaye alikuwa nje na wajomba zake na ng'ombe.

Hata sijafungua mdomo, akaniwahi.

"Keneilwe, usinichukie."

"Kuna nini?"

"Jana nilikuwa na furaha mpaka chakula hakipiti. Leo nimeamka sina chochote. Nawaza tu yule ng'ombe mwekundu, anachechemea. Nyie mkimkataa, nitauweka wapi uso wangu?"

Mama yangu! Kumbe tuko wawili!

"Na bado unanitaka?" nikamuuliza.

"Nakutaka. Ningekuwa sikutaki, ningesimama hapa na baridi hii?"

Nikajiuliza swali hilohilo. Namtaka? Jibu likaja palepale, bila ngoma wala machozi. Namtaka.

"Mwingize huyo mchechemeaji wako," nikasema. "Mimi nipo."

Nikamgeukia shangazi. "Waambie wafungue." Akapiga kigelegele, mbwa wakaitikia, ng'ombe wakaingia. Moyo wangu? Kimya vilevile. Nikala nyama yangu vizuri sana.

Furaha yenyewe ilikuja Jumanne moja, harusi imeshapita. Modiri anaosha vyombo, mimi nachambua maharage, hakuna aliyesema neno la maana. Ikanijaa mpaka nikatabasamu peke yangu. Ikakaa kidogo, ikaenda zake, nami nikaendelea na maharage.

Sisi huku tukisalimiana tunaulizana, "Uko wapi?" Unajibu, "Nipo." Hakuna anayekudai na furaha juu yake.

Kwa hiyo wewe unayesoma, siku moyo wako ukinyamaza usiupige makofi uamke. Kula, nenda kazini, baki na watu wako.

Yule ng'ombe mwekundu bado yuko zizini kwa baba. Anachechemea vilevile, na ameshazaa mara mbili.